Kuandika na Kutamka Tarehe Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Vitabu vya historia vyasema kwamba Uingereza iliingia vitani na Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Tarehe hiyo ni sahihi, na wanafunzi huikariri pasipo mashaka. Muda ambao Waingereza waliwapa Wajerumani ulikwisha saa tano ya usiku mjini London, siku ya Jumanne. Mjini Berlin saa hiyo ilikuwa saa sita kamili, mpaka wa siku mbili. Lakini mataifa hayo mawili yalipakana hata mbali na Ulaya, na mpaka wao mmoja ulikuwa mto Songwe, unaoingia Ziwa Nyasa upande wa kaskazini-magharibi, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Kyela. Huko, kwa mwendo wa jua, ilikuwa imekwisha kupita saa saba ya usiku. Jumanne ya Wazungu ilikuwa imekwisha, na Jumatano tarehe 5 imeingia. Na kwa hesabu ya Mwislamu wa Karonga ng'ambo ya mto, ambaye kwake siku huanza magharibi, Jumatano ilikuwa imeingia tangu jua lilipotua nyuma ya milima.

Basi vita vilianza lini pwani ya Nyasa? Mwenye kujibu “tarehe 4” anasema kwa saa ya London, na mwenye kujibu “tarehe 5” anasema kwa jua la Songwe. Wote wawili wana haki, ila kila mmoja amesimama mahali pake. Na mahali hapo ndipo mwanahistoria apaswapo kupauliza kabla ya kuinakili tarehe yoyote katika daftari lake.

Tukio la kwanza la vita ziwani laonyesha jambo hilo vema. Wajerumani walikuwa na meli moja ya moshi, Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande kwa njia ya Zambezi na Shire na kushushwa majini mwaka wa 1893. Mwezi wa Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, mahali panapoitwa sasa Liuli, katika pwani ya mashariki. Nahodha wake, Berndt, alikuwa hajapata habari ya vita. Tarehe 13 Agosti, siku ya Alhamisi, ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ikaipiga mizinga ile ya Wajerumani ilipokuwa imelala juu ya magogo. Husimuliwa kwamba Berndt, ambaye alikuwa amezoea kunywa pamoja na Rhoades, alitoka katika mashua amekasirika, akitaka kujua kama mwenziwe amelewa. Ilibidi aelezwe kwamba wao ni maadui, naye ni mateka. Kwake vita vilianza tarehe 13, siku nane nzima baada ya usiku ule wa Songwe. Tarehe ya serikali na tarehe ya mtu ni vitu viwili, na katikati yake pana umbali wa habari.

Na siku ile ile ilikuwa na jina jingine tena. Mwaka wa 1332 wa Hijra ulikuwa umefika Ramadhani. Mwezi ulikuwa umeandama mwishoni mwa Julai, na siku ya mizinga ya Liuli iliangukia katika kumi la mwisho la mfungo. Mwislamu wa pwani ya ziwa asingehitaji kutaja Agosti hata kidogo.

Hesabu ya Kiislamu ilikuwa imefika kaskazini mwa ziwa kabla ya ile ya Wazungu kushika mizizi. Ililetwa na wafanyabiashara wa misafara, ambao mkubwa wao huko Karonga alikuwa Mlozi, aliyepigana na Waingereza hata akanyongwa nao mwezi wa Desemba 1895. Watu hao walikuwa na miezi ya mwandamo na majina yake ya Kiswahili: baada ya Ramadhani huja Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, na kuendelea hadi Mfunguo Tisa, ndipo Rajabu, Shaabani na mfungo tena. Juma lao lilianza kuhesabiwa Jumamosi. Hapa pana ajabu ndogo ambayo wasemaji wa Kiswahili wameizoea hata hawaioni tena: Jumatano ni siku ya tano tangu Jumamosi, nayo Alhamisi, kwa Kiarabu, pia ni siku ya tano, ila tangu Jumapili. Juma la Waswahili lina tano mbili zinazofuatana, na hapana aliyewahi kukosa safari yake kwa sababu hiyo.

Wanyakyusa, wenye nchi, walihesabu kwa njia nyingine. Kwao, kama kwa jirani zao wengi, mwezi wa angani na mwezi wa kupimia muda ni neno moja. Lakini muda mrefu waliupima kwa mvua, kwa mavuno, na kwa vizazi vya watu. Godfrey Wilson na mkewe Monica, walioifanyia nchi hiyo utafiti kati ya 1934 na 1938, waliandika habari za sherehe kuu ya kutoka, ambapo wazee huwakabidhi vijana utawala na ardhi, mara moja katika kizazi. Mtu angeweza kusema kwamba alizaliwa kabla ya kutoka kwa kundi fulani, na kila msikilizaji akaelewa. Hesabu hiyo haikuweza kusema Alhamisi ya tarehe 13; lakini iliweza kusema jambo ambalo kalenda haisemi, yaani nani alimtangulia nani na kwa hiyo nani humwamkia nani.

Kalamu ya Wazungu ilikuja na mpaka. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yaliufuatisha mpaka katika pwani za mashariki, kaskazini na magharibi za ziwa, hata ukingo wa kaskazini wa mlango wa Songwe. Mwaka uliofuata wamisionari wa Moravian walijenga Rungwe, na wale wa Berlin wakaingia katika nchi ile ile. Tangu hapo, kwa muda wa miaka ishirini na mitano, mto mmoja ulitenga namna mbili za kuandika siku. Kaskazini, karani wa Kijerumani aliandika “13. August 1914”, na nukta ile baada ya 13 haikuwa pambo: ndiyo iliyoigeuza hesabu kuwa cheo, kumi na tatu ikawa ya kumi na tatu. Alipofupisha, aliandika 13.8.14. Kusini, karani wa Kiingereza aliandika “13th August, 1914”, akiibeba kazi ya nukta kwa herufi mbili zilizoning'inia ubavuni mwa tarakimu.

Herufi hizo zimewatesa wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki, na si ajabu. Siku ya kwanza huandikwa kwa “st”, ya pili kwa “nd”, ya tatu kwa “rd”, na zilizobaki kwa “th”. Lakini 21 na 31 hurudia ya kwanza, 22 hurudia ya pili na 23 ya tatu, ilhali 11, 12 na 13, ambazo jicho lingedhani zitafuata mkumbo huo, zakataa na kushika “th”. Taabu ya pili ni kwamba Mwingereza haandiki yote asemayo. Aandika “13th August” na kusoma “the thirteenth of August”. Maneno mawili madogo yasiyoonekana katika karatasi yasikika kinywani. Mwanafunzi aliyezoea Kiswahili, ambacho husomwa kama kilivyoandikwa, huyaacha maneno hayo, akaonekana hajui Kiingereza. Au huyaandika, akaonekana hajui kuandika barua.

Mwaka nao hukatwa kati. 1914 husemwa kumi na tisa, kumi na nne, kana kwamba ni namba mbili zilizosimama pamoja. 1905 huwekewa herufi O mahali pa sifuri. 1900 yenyewe huitwa kumi na tisa mia. Kiswahili sanifu hakikukubali ukataji huo. Husema elfu moja mia tisa na kumi na nne, neno refu lakini timilifu, na mazungumzo ya kila siku huufupisha kwa njia yake, kwa kuiacha karne kabisa: mwaka wa arobaini na saba, mwaka wa sabini na nne. Katika siku nazo Kiswahili kimeshika njia yake. Hakisemi tarehe ya kumi na tatu, husema tarehe kumi na tatu. Ila kwa siku mbili za mwanzo kimehifadhi maneno ya kale, tarehe mosi na tarehe pili, ambayo karani mzuri hayaachi hata leo. Na watu wengi hawautaji mwezi kwa jina, huutaja kwa hesabu: tarehe tatu mwezi wa nne.

Majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka mwezi wa Mei 1916, nayo boma ya Neu-Langenburg, yaani Tukuyu, ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Kalamu ya kusini ya Songwe sasa ikaandika pande zote mbili. Mabadiliko hayo yameacha alama katika lugha yenyewe, na mwenye sikio aweza kuisikia bila kufungua jalada lolote. Wajerumani walikiachia Kiswahili neno shule, na neno hela, lililotokana na sarafu yao ya Heller. Lakini miezi hawakuiacha. Mei ni mwezi wa tano kama Mwingereza autamkavyo. Mjerumani angetuachia Mai. Julai ina mkia wa Kiingereza ambao Juli ya Kijerumani haina. Machi nayo imebeba “ch” ya Waingereza. Majina hayo yalipitishwa katika vitabu vya shule na kuimarishwa na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi mwaka wa 1930, hata leo yamekuwa ya Kiswahili kabisa, na mtoto wa Kyela ayasemapo hadhani kwamba anasema Kiingereza.

Yafaa kukumbuka, kabla ya kuwastahi mno walimu hao wa kalenda, kwamba wao wenyewe walichelewa kuipokea. Nchi za Kikatoliki zilisahihisha kalenda mwaka wa 1582. Uingereza ikakaa nyuma miaka mia moja na sabini, hata mwaka wa 1752, ilipoamriwa kwamba kesho ya tarehe 2 Septemba iwe tarehe 14. Siku kumi na moja zilifutwa kwa sheria. Aidha mwaka wa kisheria wa Uingereza, uliokuwa ukianza tarehe 25 Machi, ukahamishiwa tarehe mosi Januari. Kadhalika utaratibu wa kutanguliza siku kabla ya mwezi haukuwa amri kwao. Magazeti makubwa ya London yalichapa mwezi kwanza, “August 4”, na Wamarekani wakaushika mtindo huo hata leo, katika maandishi na katika usemi.

Hapo ndipo penye hatari kwa msomaji wa kumbukumbu. Mwezi uandikwapo kwa jina, utaratibu wowote waeleweka. Uandikwapo kwa tarakimu, 4/8/14 ni siku ya vita kwa Mwingereza na Mtanzania, lakini kwa Mmarekani ni tarehe 8 Aprili, kabla ya vita kuwazika. Hesabu yake ni nyepesi: katika kila mwaka siku 144 zina tarakimu zisizozidi kumi na mbili pande zote mbili, kumi na mbili kati ya hizo hazina madhara kwa kuwa siku na mwezi ni sawa, zabaki siku 132 ambazo zaweza kusomwa kinyume bila ya kitu chochote katika karatasi kumwonya msomaji.

Historia ya ziwa, kwa bahati tu, imemficha mwanafunzi hatari hiyo. Mapigano ya Liuli yalikuwa 13.8, na mwezi wa kumi na tatu haupo. Mapigano ya Karonga, ambapo jeshi la Wajerumani lililovuka Songwe lilishindwa na kurudishwa nyuma, yalikuwa tarehe 9 Septemba 1914, yaani 9.9, namba isiyogeuka. Gwendolen iliporudi Liuli kuimaliza meli ile ya Wajerumani ilikuwa 30 Mei 1915. Kusimama kwa vita Ulaya kulikuwa 11.11. Hata tarehe ambazo Watanzania wamezifanya majina, Saba Saba kwa kuzaliwa kwa TANU mwaka wa 1954 na Nane Nane ya wakulima, ni za namna hiyo hiyo. Zaweza kusomwa kutoka upande wowote. Mwanafunzi aliyelelewa na tarehe hizo hudhani kwamba tarakimu hujieleza zenyewe. Kisha hukutana na 1.7.1890, siku ya mapatano ya mpaka, na aliyejifunza Marekani akaisoma 7 Januari.

Na tarehe hiyo si ya mchezo. Ndiyo iliyo chini ya ubishi wa Tanzania na Malawi juu ya maji ya ziwa, uliochomoza mwaka wa 1967 na kurudi tena mwaka wa 2012: Malawi hushikilia mapatano yale, ambayo yaliuweka mpaka ukingoni mwa maji, Tanzania hudai kwamba mpaka upite katikati ya ziwa. Mvuvi anayeshusha mtumbwi wake alfajiri katika pwani ya Kyela huingia, kwa mujibu wa wino wa siku hiyo moja, katika maji ya nchi nyingine mara tu mguu wake unapolowa.

Jambo lenye uzito zaidi, hata hivyo, halimo katika mikataba. Limo katika karatasi ya kuzaliwa. Na ichukuliwe habari ya mtoto aliyezaliwa Talatala, wilayani Kyela, katika miaka ambayo wazazi wengi hawakuandikisha vizazi. Mama alijua vema siku yenyewe: mpunga ulikuwa ukivunwa, na mafuriko ya masika yale makubwa yalikuwa yamekwisha kupungua. Baadaye mtoto akabatizwa, na mchungaji akaandika tarehe ya ubatizo, kwa kuwa hiyo ndiyo aliyoishuhudia. Miaka ikapita; kijana akahitaji kuandikishwa shuleni, kisha kazini, na kila karani akauliza tarehe ya kuzaliwa. Mmoja akanakili ile ya ubatizo. Wa pili, aliyeambiwa “mavuno”, akaandika tarehe mosi Julai, siku ambayo makarani wameipenda kwa kuwa imeugawa mwaka nusu kwa nusu. Wa tatu akakuta tarakimu 5/7 katika karatasi ya zamani, akaijaza katika mashine iliyotaka mwezi kwanza, nayo ikatoka 7 Mei.

Mtu huyo sasa ana siku tatu za kuzaliwa, na hakuna aliyemdanganya. Afikapo umri wa miaka 60, ambao mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima, karatasi hizo tatu hutolewa katika jalada na kuwekwa mezani pamoja, na afisa huuliza ipi iliyo kweli. Ile ya mama, iliyokuwa na ukweli kupita zote, haikuwekwa mezani, maana haikuwa na tarakimu. Watu wamecheleweshewa malipo yao kwa tofauti za namna hiyo, na wengine wamekwenda kuapa mbele ya hakimu juu ya siku ambayo hakuna mwanadamu awezaye kuikumbuka kwa nafsi yake.

Mataifa yamejaribu kuondoa utata huo. Shirika la kimataifa la viwango lilitoa mwaka wa 1988 kanuni ya kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kila mmoja kwa tarakimu kamili: 1914-08-13. Kanuni hiyo ina sifa kubwa, kwamba tarehe zikipangwa kama namba hujipanga zenyewe kwa zamani zake. Mashine huipenda. Kinywa cha mtu bado hakijaipokea, wala katika Kiingereza wala katika Kiswahili, na kwa wanaofanya kazi katika makumbusho ya nyaraka ushauri wa zamani wafaa zaidi: kuandika mwezi kwa herufi, na penye tarakimu tupu, kuinakili tarehe kama ilivyo, nukta zake na mistari yake, na kutaja ni nani aliyeiandika. Nukta ile ya Kijerumani ni ushahidi. Anayeigeuza kuwa mstari ili ukurasa upendeze ameufuta ushahidi huo kwa mkono wake.

Vita vilivyoanza ziwani kwa tarehe mbili vilikwisha kwa tarehe nyingi zaidi. Huko Ulaya silaha ziliwekwa chini 11 Novemba 1918. Jenerali von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa mtoni Chambezi pamoja na askari na wapagazi wake, asimulia katika kumbukumbu zake kwamba habari ilimfikia tarehe 13. Mnara uliosimamishwa huko wasema tarehe 14. Silaha zake alizitoa Abercorn, ambayo ni Mbala ya sasa, tarehe 25. Majuma hayo ndiyo pia yaliyoleta homa kali ya mafua, iliyopita Afrika yote ya Mashariki ikiua watu ambao mizinga haikuwafikia, na ambayo kifo chake cha kwanza hakuna karani aliyekiwekea siku. Katika mapokeo ya wazee huo ni mwaka wa mafua tu, na waliozaliwa ndani yake walihesabiwa umri wao tangu hapo.